Nilikohoa Mwaka wa Korona

Ombeni, muuguzi wa kituo cha afya cha Kiringye, aliniomba nizungumze na wagonjwa wake. Asubuhi moja alinisimamisha mbele yao. Nikasema jina langu, nikasema nimepona, kisha maneno yakaniishia, nikakaa. Walinishukuru kwa adabu. Nilirudi nyumbani na aibu kwa sababu nilijua sikuwaambia kitu. Ndiyo maana ninaandika. Najua kuna mtu mahali fulani ambaye sasa hivi anabana mdomo kwenye kanga ili jirani asimsikie akikohoa. Ninamwandikia yeye.

Ninaitwa Riziki. Nilizaliwa Kiringye, kwenye bonde la Ruzizi huku Kongo, kwa wakulima wa mpunga na muhogo. Nikaolewa Uvira, mtaa wa Kimanga, katika ukoo wa Waislamu wafanyabiashara. Mume wangu, Ramazani, alikuwa akipakua mizigo sokoni Bujumbura, nchini Burundi. Alivuka mpaka asubuhi na kurudi jioni, kama wanaume wengi wa mtaani kwetu. Mimi nilikaanga mikate ya mafuta kando ya njia, mbele ya lango la wifi yangu Aziza. Aziza ni dada mkubwa wa Ramazani, na nyumba ilikuwa mikononi mwake tangu wazazi wao walipofariki. Sisi tulikaa chumba cha upande wa uani na mtoto wetu mmoja, Sifa, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule.

Siku walipofunga mpaka kwa ajili ya korona, Ramazani alikuwa ng'ambo. Alinipigia simu akicheka.

"Mama Sifa, leo nitalala huku. Kesho batafungua."

Hawakufungua kesho yake, wala mwezi uliofuata.

Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kukohoa, kidogo tu, asubuhi. Niliulaumu moshi wa mafuta. Kisha mvua zikazidi, mito ikashuka kutoka milimani ikabeba nyumba za watu, matope yakajaa mitaani, na waliopoteza makao wakahamia kwenye madarasa ya shule. Kila mtu alikuwa na baridi na kila mtu alikohoa. Kikohozi changu kikajificha kati ya vya wengine. Matope yalipokauka, wenzangu wakanyamaza, mimi nikabaki.

Wateja walikuwa wa kwanza kusikia. Mwanamke aliyenunua mikate kwangu kila siku ya shule alisimama mbali, akaniangalia nikigeuza uso ili nikohoe begani, akarudisha mfuko wake kwenye kikapu. Siku iliyofuata alipita upande wa pili wa njia. Mimi pia ningepita upande ule. Sina kinyongo naye.

Nikaenda kituo cha afya cha mtaani kwetu. Langoni kulikuwa na ndoo ya maji yenye robine, yaani koki, sabuni, na mlinzi mwenye kile kipimo cha homa kama bastola. Nilinawa. Nilipoinua uso ili anipime, kikohozi kikanishika.

"Simama palepale," alisema. "Weye unatoka wapi?"

"Kimanga, papa. Iko kifua tu. Kiko na siku mingi."

"Kifua tu! Bote banasema ni kifua tu. Mama, rudia kwenu. Kaa mu nyumba. Ekipe itakuja kukupima."

"Ekipe itajua kwetu wapi?"

"Itajua."

Nyuma yangu kulikuwa na watu, na wote walikuwa wamerudi nyuma hadi barabarani. Sikumchukia yule mlinzi. Kashne yake, ile barakoa ya kitambaa, ilikuwa imechakaa kiasi kwamba niliona midomo yake ikitetemeka. Alikuwa mtu aliyewekwa langoni bila kinga, akaambiwa azuie kifo kisipite. Lakini nilirudi nyumbani bila hata mtu mmoja kuniuliza naumwa wapi, na ile ekipe, timu ya wapimaji, haikuja. Niliingoja nikiwa nimevaa nguo safi, mpaka nikaona ujinga wa kuvaa nguo safi.

Habari iliyofika mtaani ni kwamba nimefukuzwa kituoni. Kufikia swala ya alasiri nilikuwa na jina jipya: Mama Korona.

Aziza alinijia jioni, akasimama karibu na pipa la maji.

"Mama Sifa, usinichukie. Minye iko na batoto. Tutakusafishia depo, utalala mule kwanza. Sifa atalala na benzake kwangu."

Depo ni chumba cha nyuma ambamo marehemu baba yao aliweka bidhaa. Kina dirisha moja dogo linalotazama ukuta. Niliingia na mkeka, godoro, kikombe na sahani ambazo kuanzia siku ile ziliitwa za kwangu. Nilidhani ni kwa wiki moja.

Mwezi wa Ramadhani ulinikuta humo. Sikufunga, mwili ulikuwa hauwezi, lakini jua lilipozama nilisikia sahani zikitandazwa upande wa pili wa ukuta, Aziza akiwaita watoto, vijiko, mtu akicheka kwa kinywa kilichojaa. Walipomaliza, Sifa alitumwa na chakula changu. Alikuwa ameshafundishwa: aweke sahani kizingitini, arudi nyuma mpaka kwenye kamba ya nguo, ndipo aseme, "Mama, kula." Alifanya vizuri sana. Mtoto akifundishwa jambo kwa hofu analishika upesi kuliko somo lolote la shule. Nilimwuliza leo amecheza na nani, akajibu kutoka kwenye kamba, kisha wakamwita.

Naomba usinielewe vibaya. Sikukosa chakula nyumbani kwa Aziza hata siku moja. Nilichokosa ni mtu wa kukaa.

Nilijitibu kama tunavyojitibu sote. Nilijifukiza kwa majani ya mikaratusi na ndimu, blanketi kichwani, mpaka macho yakavimba. Aziza alininunulia dawa ya maji ya kifua kwenye farmasi ya mtaani, kisha vidonge vya rangi mbili, kisha vingine. Kila dawa ilinipa siku chache za kudhani nimepona. Hicho ndicho kitu ninachotaka ukikumbuke: zile siku chache. Ndizo zilizonila.

Mwili uliondoka polepole. Kwanza bangili ya mkononi ilianza kupita kwenye kiwiko. Kisha nikashindwa kulala chali kwa sababu mifupa ya mgongo iligusa sakafu kupitia godoro. Jasho lilinitoka nikilala, nikaamka nimelowa kama niliyetoka ziwani, halafu baridi. Siku moja nilioga uani nikatazama mapaja yangu, nikaona ni mapaja ya bibi yangu wa Kiringye katika mwaka wake wa mwisho. Nilijimwagia maji haraka nikajifunga kitenge.

Nilijaribu tena. Safari hii nilikwenda hospitali kubwa, mbali na mtaa wetu, mahali ambapo hawakujua jina langu jipya. Waendesha moto, zile pikipiki za abiria, wawili walinikataa waliponisikia. Wa tatu alikubali nikifunga uso wote kwa kanga na kukaa mbali naye, jambo ambalo juu ya moto haliwezekani, lakini tulijitahidi. Pale mapokezi walitaka kwanza karatasi ya kipimo cha korona. Karatasi ilitolewa mahali pengine, siku nyingine. Na kabla ya kuonana na daktari kulikuwa na kosyo, ile pesa ya kutanguliza. Sikuwa nayo, sikuwa nimekaanga mikate tangu mvua. Msichana wa mapokezi alisema kwa upole, "Mama, uje na muntu wa familia." Nilimwambia mtu wa familia yangu yuko Bujumbura. Akaangalia kalamu yake.

Nilikaa nje, kwenye ukingo wa maua, kwa muda mrefu. Kutoka pale ziwa linaonekana, na ng'ambo yake milima ya Burundi. Ilikuwa karibu sana.

Ramazani alipiga simu kila Ijumaa, kisha Ijumaa moja moja. Nilijua kulikuwa na watu waliovuka mto Ruzizi kwa siri, wakiwakwepa askari, na kurudi makwao. Nilimwuliza.

"Basoda banapiga bantu kule mutoni," alisema. "Unataka nife?"

"Sitaki ufe."

"Aziza anasema unakula vizuri."

"Ninakula."

"Basi vumilia, Mama Sifa."

Niliposhindwa kujibu alidhani mtandao umekatika, akaita, "Alo? Alo?" Nilimwacha aite. Ningeweza kusema, njoo. Sikusema, naye hakuja. Hilo liko kati yetu mpaka leo na hatuligusi.

Kiangazi kilipofika katikati, vumbi likiwa limefunika majani ya miti yote ya Kimanga, nilitema damu. Haikuwa nyingi. Niliifukia kwa majivu nyuma ya depo. Niliogopa kwamba Aziza akiiona ataniondoa nyumbani, na nilipokwisha kuifukia nikafikiri: aniondoe anipeleke wapi? Tayari nilikuwa nimeondolewa. Nikaamua kwenda kwa mama yangu.

Aziza hakunizuia. Alifunga chumvi, sabuni na sukari kwenye kitambaa akaviweka kizingitini. Niliomba kumwona Sifa. Alikuja mpaka kwenye kamba. Nilimwambia nitarudi nikiwa mnene. Akauliza, "Mnene kama tantine Aziza?" Aziza akacheka, mimi nikacheka, na kucheka kukaleta kikohozi, wote wawili wakarudi nyuma.

Nilipanda lori la mizigo linalokwenda bondeni, nikakaa juu ya magunia pamoja na abiria wengine. Nilijizuia mpaka machozi yakanitoka. Baada ya kizuizi cha askari sikuweza tena. Kikohozi kilitoka chote kwa pamoja, na kitambaa kikawa na alama nyekundu ambayo mwanamke mmoja aliiona. Akapiga kelele. Watu wakagonga paa la lori kwa viganja. Dereva akasimama, akashuka, akanisaidia kuteremka akiwa ameshika ncha tu ya mkono wa nguo yangu.

"Mama, minye siko mubaya," alisema. "Banakataa. Bakishuka bote, nitafanya nini?"

Alinirudishia nauli yote. Kisha lori likaondoka.

Sijawahi kuona barabara ndefu namna ile. Nilitembea, nikakaa, nikatembea. Pande zote mashamba yalikuwa yamevunwa, mabua makavu tu, na mbuzi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianua muhogo uliokaushwa kando ya njia aliniangalia nikikaa chini karibu naye. Nilimwambia asikaribie, kwamba ninakohoa vibaya. Alikwenda kwake akarudi na bidoni, dumu la maji, akanimiminia kwenye viganja nikanywa, nikanawa uso, akanimiminia tena. Hakuniuliza jina. Alimsimamisha mtu wa baiskeli aliyekuwa akirudi mtupu kutoka kuuza makaa, wakabishana kidogo kwa Kifuliiru, nikapanda nyuma. Yule mtu alinisukuma bila kupanda mwenyewe, kwa sababu nilikuwa naanguka, mpaka kwa mama yangu. Mama alimpa mahindi. Majina yao siyajui.

Mama alikuwa akifagia uwanja. Alinitazama kama anavyotazamwa mgeni, kisha ufagio ukamwanguka.

"Riziki? Weye njo Riziki kweli?"

Nilimpigia kelele asinishike. Alinishika. Alinivua viatu, akaniosha miguu na kulala karibu nami kwenye mkeka mmoja. Usifanye kama mama yangu. Dirisha lifunguliwe, na kila mtu awe na mkeka wake. Lakini tangu mvua hakuna mtu aliyekuwa amenigusa, ila yule dereva aliyenishika mkono wa nguo. Sitaandika hapa kwamba mama alikosea.

Alfajiri alinipeleka kituo cha afya, chumba cha matofali chenye benchi moja nje chini ya bati. Nilibaki mbali, kwenye jua, nikingoja kufukuzwa. Ombeni alitoka akiwa amevaa kashne, akanipa na mimi moja, akachuchumaa umbali wa hatua chache.

"Unakohoa tangu lini?"

Nilimwambia tangu mvua. Akauliza mvua zipi. Nikamwambia zile zilizobeba nyumba Uvira. Akahesabu miezi kwa vidole.

"Na hakuna mahali ulipimwa makohozi?"

"Hakuna mahali niliingia," nilisema. Nikaanza kulia, na kulia pia kulileta kikohozi, naye akangoja mpaka kikaisha. Hakurudi nyuma.

Makohozi yangu yalipelekwa mjini kwa moto, na jibu lilichelewa kwa sababu mashine na watu wake walikuwa kwenye kazi za korona. Tulingoja. Mama aliuza bata wake ninywe maziwa. Jibu lilipokuja lilikuwa kifua kikuu, tebe kama tunavyosema huku. Dawa yenyewe ilikuwa bure. Hilo lilinikasirisha kuliko yote. Dawa ya bure ilikuwepo Uvira siku zote nilizolala depo, na mimi nilikuwa nje ya lango.

Nilianza vidonge mvua za kwanza zilipoanguka na watu wakilima. Nilivimeza kila asubuhi mbele ya Ombeni. Mkojo ulikuwa mwekundu kama Fanta, na siku ya kwanza nilidhani nakufa. Usiogope, ni dawa. Nilitapika. Viungo viliuma. Wiki kadhaa baadaye njaa ikanijia, njaa ya ajabu, ya aibu, nilikula ugali na sombe, yaani kisamvu, nikiwa nimesimama jikoni kabla chungu hakijaepuliwa. Mahindi ya mama yalipofika kifuani pangu, Ombeni alisema sasa siwezi kumwambukiza mtu. Mahindi yalipovunwa, vidonge vikapungua. Wakati huo bangili ilisimama tena mkononi.

Mzee mmoja aliyekuwa akimeza pamoja nami aliacha alipoona amepata nguvu, akarudi shambani. Mvua zilipokaribia kwisha alirudishwa kwenye machela, na hakukaa sana. Alikuwa mtu wa utani, akiniita bibi arusi wake wa vidonge. Meza mpaka mwisho. Hata ukiwa umepona, meza.

Ombeni alituma habari Uvira kwamba watoto wa nyumba ile wapimwe. Aziza aligoma. Alinipigia simu kwa hasira: "Unataka bantu baseme na batoto ba kwangu beko na ugonjwa?" Nilimjibu kwamba lango analoliogopa ndilo lililonifanya hivi. Alikata. Baada ya wiki aliwapeleka, kila mmoja kwa njia yake, kana kwamba wanakwenda dukani. Sifa hakuwa na tebe, lakini mmoja wa watoto wa Aziza alikuwa nayo, ikiwa bado changa. Alipona kabla yangu.

Nilirudi Kimanga nikiwa nimemaliza vidonge vyote. Aziza alikuwa amenipikia samaki mukeke wa kukaanga na wali, na alikaa mkeka mmoja na mimi.

"Niliogopea batoto," alisema, akitoa miiba.

"Najua, wifi. Hata minye nilimuogopea Sifa."

Ndiyo yote tuliyosema. Mpaka ulipofunguliwa, Ramazani alirudi na kitenge kizuri sana na maneno machache. Tunaishi. Ananipikia chai nikichoka.

Lakini Sifa alikuwa amebaki kwenye kamba ya nguo. Hakuna aliyemwamuru tena. Aliniletea maji, akayaweka chini, akarudi nyuma. Nilimwambia nimepona, akasema, "Ndiyo, mama," akarudi nyuma. Alilala na binamu zake. Nikimkumbatia alishikilia pumzi mpaka nimwachie. Nilihesabu mambo yote ambayo ugonjwa ungeweza kuniharibia, na hili sikulihesabu. Ombeni aliniambia kwa simu, usimlazimishe. Sikumlazimisha. Nilikaanga mikate yangu, nikamwachia wa kwanza, wenye umbo baya anaoupenda, nikaendelea kukaa peke yangu katika nyumba iliyojaa watu.

Mvua za mwaka uliofuata zilimletea malaria. Nilimbeba mgongoni mpaka kituo cha afya cha mtaani, ingawa alikuwa amekua mno na miguu yake ilinigonga magotini. Homa ilimlegeza, kichwa chake kilianguka shingoni mwangu na hakukiondoa.

Benchi lilikuwa limejaa akina mama. Walisogea tukapata pa kukaa. Mfanyakazi alikuwa akisafisha sakafu kwa dawa kali, harufu ikanikamata kooni, na pafu langu moja, lililoachwa bovu na ugonjwa, halivumilii harufu. Nikakohoa. Mama aliyekuwa kulia kwangu aliinuka kimya kimya. Kisha wa pili, akivuta kanga puani. Wakaenda kusimama ukutani. Niliangalia sakafu. Nilijua Sifa naye ataondoka, nikajiandaa nisimshike.

Aliinua kichwa, akatazama benchi lilivyobaki tupu. Akavua viatu. Akajilaza kwa urefu wake wote, nyayo zake pale mama wa pili alipokuwa ameketi, kichwa akakiweka pajani kwangu.

"Mama," alisema, akiwa amefumba macho, "sasa kuko nafasi."

Nikamfunika kwa kanga, tukangoja kuitwa.